Kuhamia Mfumo Endeshi Huria: Somo kwa Mwalimu Mwenye Kompyuta Moja

Mwalimu wa shule ya msingi aliyejinunulia kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika huwa ameweka ndani yake sehemu kubwa ya kazi yake: maazimio ya kazi, maandalio ya masomo, mitihani ya majaribio, orodha za alama, na barua zake mwenyewe. Kompyuta hiyo mara nyingi huendeshwa na Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuitolea Windows 10 marekebisho ya kawaida ya usalama, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha kupata nyongeza ya muda. Toleo lililofuata, yaani Windows 11, hudai kompyuta yenye chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0 pamoja na prosesa ya miaka ya karibuni, na mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazikidhi sharti hilo.

Hapo mwalimu hujikuta njia panda. Aweza kununua mashine nyingine kwa mshahara wa miezi kadhaa. Aweza kuendelea na mfumo ambao matundu yake hayazibwi tena. Aweza pia kumwendea fundi wa mtaani ampachikie nakala isiyo na leseni, kama wengi wafanyavyo, ingawa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Njia ya nne ni kuhamia mfumo endeshi huria. Makala haya yanaishughulikia njia hiyo. Yanamhusu mwanachuo kwa namna mbili: kwanza akiwa mtumiaji, na pili akiwa mtu atakayesimama mbele ya watoto na kutakiwa awaeleze kompyuta ni nini.

Mfumo endeshi ni kitu gani

Mwanachuo akiulizwa swali hili hujibu upesi kwamba ni Windows. Jibu hilo lafanana na la mtoto aulizwaye gari ni nini akajibu kuwa ni Toyota. Mfano ufaao zaidi darasani ni wa mwalimu wa zamu. Mwalimu wa zamu hafundishi madarasa yote, lakini ndiye agongaye kengele, ahakikishaye kwamba madarasa mawili hayagombanii chumba kimoja, na apokeaye mgeni mlangoni. Siku mambo yaendapo vizuri hakuna amkumbukaye. Mfumo endeshi hufanya kazi ya namna hiyo ndani ya kompyuta. Hugawa kumbukumbu kwa programu mbalimbali, hupokea herufi kutoka kwenye kibodi, huandika mafaili katika diski, na huzuia programu moja isiharibu kazi ya nyingine. Programu ya kuandikia barua ni mwalimu wa somo, nao mfumo endeshi ni mwalimu wa zamu.

Kutokana na mfano huo watoto huelewa jambo la pili kwa urahisi: zamu hubadilika na shule hubaki ileile. Vivyo hivyo kompyuta ileile, bila kuongezewa kifaa chochote, yaweza kuendeshwa na mfumo mwingine.

Huru na bure

Kiingereza kina neno moja kwa mambo haya mawili, na kwa sababu hiyo watetezi wa programu hizi wametumia miaka zaidi ya 40 wakieleza kwamba wao husema habari ya uhuru, si ya bei. Sisi Kiswahili kimetuondolea taabu hiyo. Tanganyika ilipata kuwa huru tarehe 9 Desemba 1961, wala hakuna aliyesema kwamba ilipata kuwa bure. Hata neno lenyewe “huria” laweza kumtia shaka msomaji aliyezoea kulisikia katika “soko huria”, lakini hapa maana yake ni karibu kinyume: kitu ambacho hakuna mwenye duka awezaye kukifungia.

Programu hesabiwayo kuwa huria humpa mtumiaji ruhusa nne. Aweza kuitumia kwa kazi yoyote, aweza kuchunguza namna inavyofanya kazi, maana maandishi yake ya asili, yaitwayo msimbo chanzo, yako wazi, aweza kuibadili, na aweza kumpa mwenzake, ikiwa kama alivyoipokea au ikiwa amekwisha kuibadili. Kwamba mara nyingi haina bei ni tokeo la ruhusa hizo.

Katika mazingira ya Korogwe na Handeni hakuna haja ya kutafuta kielelezo mbali. Mkulima aliyetundika magunzi ya mahindi juu ya meko, moshi uyalinde na wadudu, ana mbegu yake. Msimu ujao ataipanda, atampimia jirani kibaba, na akiona mche mmoja umestahimili ukame kuliko mingine, atachagua mbegu kutoka mche huo. Mkulima anunuaye mbegu chotara huenda akavuna zaidi mwaka huu, lakini mwakani hana budi kurudi dukani. Watoto wa vijijini huifahamu tofauti hii kabla hawajafika Darasa la Tatu. Mwalimu na aitumie, lakini pia aonyeshe mahali mfano unapokoma: mbegu chotara hupoteza nguvu kwa maumbile yake yenyewe, ilhali programu iliyofungwa hufungwa na leseni na sheria, si na maumbile. Nakala ya elfu ya programu haina upungufu wowote ikilinganishwa na ya kwanza.

Ilikotoka

Historia yenyewe ni fupi, wala haifai kuchukua kipindi kizima. Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU, wenye nia ya kuunda mfumo endeshi kamili ulio huru. Mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL, ambayo ndiyo iliyozifanya ruhusa nne tulizozitaja kuwa na nguvu ya kisheria. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, alitoa kiini cha mfumo kilichopewa jina la Linux. Kiini hicho na kazi za GNU vikaunganishwa. Tangu hapo yametokea makundi mengi ya watu wakusanyao sehemu hizo na kuzifunga pamoja zikawa tayari kutumika. Mojawapo ni Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 na kundi lililoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo lina maana ya utu, na mtoto asemaye Kisambaa au Kizigua hatakosa kusikia ndani yake neno la nyumbani kwao. Nyingine ni Linux Mint, ambayo umbo lake la skrini hufanana na Windows ya zamani na kwa hiyo haimtishi mgeni.

Habari iliyo karibu na sisi

Wanachuo wengi husoma historia hiyo wakaiona kuwa ni habari ya Helsinki na Boston. Kwa hiyo yafaa waelezwe yaliyotokea Mkoa wa Tanga.

Kuanzia Desemba 2017 hadi Machi 2019 vijiji takriban 170 vya mkoa huu, vikiwamo vya wilaya za Handeni na Korogwe, vilikuwa uwanja wa majaribio ya shindano la kimataifa liitwalo Global Learning XPRIZE. Shindano lilitaka programu ambayo ingemwezesha mtoto kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu mwenyewe, pasipo mwalimu. Karibu watoto 3,000 wenye umri wa miaka 7 hadi 11 walipewa vishikwambi vilivyotolewa na kampuni ya Google. UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania walishirikiana katika utekelezaji, na vituo vya kuchajia kwa nguvu ya jua vikajengwa vijijini. Makundi matano yalifika fainali. Mwezi Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa kati ya washindi wawili waliolingana: Kitkit School na onebillion.

Sharti moja la shindano hilo ndilo linalotuhusu hapa. Programu za makundi yote matano, zilizoandikwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, zililazimika kutolewa wazi pamoja na msimbo chanzo wake. Maana yake ni kwamba mwalimu wa Korogwe akiona kwamba silabi fulani imetamkwa vibaya, au kwamba mchoro wa shoka umeandikiwa neno “jembe”, hana haja ya kumwomba mtu ruhusa ya kusahihisha. Anachohitaji ni ujuzi, au rafiki mwenye ujuzi. Tena vishikwambi vyenyewe viliendeshwa na Android, ambayo kiini chake ni Linux ileile. Mwanachuo asemaye kwamba hajapata kuitumia Linux, huku simu yake ya Android imo mfukoni, amekuwa akiitumia kwa miaka bila kujua.

Matokeo ya majaribio yale yafaa kusomwa kwa uangalifu. Kabla ya kuanza, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kufikia nusu. Wako waliosherehekea nusu iliyopungua, na walikuwa na haki. Mimi hutazama pia nusu iliyobaki. Watoto wale walikuwa na mashine nzuri, umeme wa jua na programu zilizoshindania mamilioni ya dola, na bado wengi walihitaji mtu wa kuwashika mkono. Mwanachuo asihofu kwamba kazi yake imechukuliwa.

Kabla ya hapo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden kiliendesha mradi wa Kilinux. Desemba 2004 mradi huo ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyo wa programu za ofisi wenye maandishi ya skrini kwa Kiswahili. Wafasiri hawakungoja kampuni iamue kama soko la Kiswahili lina faida. Msimbo ulikuwa wazi, wakaingia kazini. Kutoka OpenOffice ilizaliwa LibreOffice mwaka 2010, nayo ndiyo mwalimu atakayoikuta katika mifumo mingi tunayoizungumzia. Lazima tukiri hata hivyo kwamba kazi ya kutafsiri haikukamilika. Atakayechagua Kiswahili wakati wa kusakinisha Linux ataona sehemu za skrini kwa lugha yake na sehemu nyingine kwa Kiingereza. Hiyo ni kazi inayongoja watu, na walimu wa Kiswahili ndio wafaao kuifanya.

Namna ya kuhama

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Maelezo yafuatayo yanachukulia kwamba mwalimu ana kompyuta mpakato yenye kumbukumbu ya muda, yaani RAM, ya gigabaiti 4, ambayo ni kiasi cha kawaida katika mashine kuukuu. Kwa mashine ya namna hiyo napendekeza Linux Mint katika umbo lake jepesi liitwalo Xfce. Mwenye gigabaiti 2 tu pia ataweza kuitumia, lakini asifungue kurasa nyingi za intaneti kwa pamoja.

Jambo la kwanza, na lililo kubwa kuliko yote, ni kuyanakili mafaili yote mahali pawili tofauti. Mwandishi wa makala haya alipata kumpelekea fundi mmoja kompyuta yake iliyokuwa nzito, akaambiwa arudi jioni. Jioni mashine ilikuwa nyepesi kweli, maana diski ilikuwa imefutwa yote. Maandalio ya masomo ya miaka mitatu yalikuwa yamekwenda. Fundi alishangaa kwamba sikumwambia, nami nilishangaa kwamba hakuuliza. Tangu siku hiyo siamini nakala moja. Flashi moja huharibika, nyingine huibwa. Kwa hiyo mafaili na yawe katika flashi na katika diski ya nje, au katika flashi na kompyuta ya mwenzako unayemwamini. Kisha fungua mafaili machache kutoka kwenye nakala hizo ili kuhakikisha kwamba yanafunguka. Mtu ahesabuye idadi ya mafaili bila kuyafungua hajahakikisha kitu.

Baada ya hapo tafuta faili la mfumo wenyewe. Lina ukubwa wa karibu gigabaiti 3, na kwa mwalimu anunuaye bando la siku hicho si kiasi kidogo. Hapa ndipo ruhusa ya kugawa inapokuwa na thamani ya shilingi: mwanachuo mmoja akilipakua mjini Korogwe kwenye mtandao mzuri, aweza kuwagawia darasa zima kwa flashi, nao wakawagawia walimu wa vijijini kwao, pasipo yeyote kuvunja sheria. Lakini faili lililopita mikono mingi lazima lihakikiwe. Watengenezaji huchapisha mfululizo wa herufi na tarakimu uitwao SHA256, ambao ni kama alama ya kidole ya faili. Kompyuta yako yaweza kuihesabu alama hiyo upya, na zikitofautiana hata kwa herufi moja, faili hilo ni bovu au limechezewa. Litupe.

Faili hilo haliwekwi katika flashi kwa kunakili tu kama unakilivyo barua. Huandikwa kwa programu maalumu, kama Rufus au balenaEtcher, ili kompyuta iweze kuwaka kutoka kwenye flashi. Flashi ya gigabaiti 8 yatosha. Kila kilichokuwamo hufutika, basi usitumie ile uliyowekea nakala zako. Naandika haya kwa sababu wapo waliofanya hivyo.

Zima kompyuta, chomeka flashi, iwashe, na mara moja bonyeza kitufe cha kuchagua mahali pa kuwakia. Katika Dell na Lenovo nyingi ni F12, na katika HP ni Esc au F9. Skrini ya mfumo mpya itatokea, na hapo ndipo wengi hushangaa: mfumo unafanya kazi wote kutoka kwenye flashi na diski ya ndani haijaguswa. Ukichomoa flashi na kuwasha upya, Windows yako ipo kama ulivyoiacha. Tumia nafasi hiyo kwa siku kadhaa, ukijua kwamba flashi huenda taratibu kuliko diski. Jaribu mtandao usio na waya, sauti, kibodi, na modemu ikiwa unayo. Jaribu hasa printa, maana zipo aina zisizotambuliwa na Linux bila usumbufu, na ni heri kulijua hilo kabla ya siku ya mtihani. Fungua pia tovuti unazozihitaji kazini. Mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani na Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu hufunguliwa kwa kivinjari, na kivinjari kimo.

Ukiridhika, amua: je, mifumo miwili ikae bega kwa bega, au mpya uchukue diski yote? Kwa anayeanza, kama diski ina nafasi isiyopungua gigabaiti 50, namshauri aiache Windows mahali pake kwa muhula mmoja. Lakini achunguze kwanza kama diski imefungwa kwa BitLocker. Ikiwa imefungwa, aandike ufunguo wake kwenye karatasi, la sivyo Windows yaweza kumdai ufunguo asioujua. Usakinishaji wenyewe ni maswali machache: lugha, aina ya kibodi, saa za eneo (chagua Dar es Salaam), jina na neno la siri. Kwa kawaida huchukua kama nusu saa.

Nusu hiyo ya saa haipendi kukatizwa, na kwa hiyo tuseme neno juu ya umeme. Mpale, milimani katika Wilaya ya Korogwe, ni miongoni mwa vijiji vilivyojengewa mtambo mdogo wa umeme wa jua katika miaka ya 2010. Mwalimu ategemeaye umeme wa namna hiyo, au paneli yake mwenyewe juu ya bati, afanye kazi hii mchana jua likiwa kali na betri ikiwa imejaa, si usiku kijiji kizima kimewasha taa. Ajue pia kwamba kompyuta mpakato hula umeme mdogo sana kuliko kompyuta ya mezani.

Atakayekaa na mifumo miwili huenda akakuta saa ya Windows imerudi nyuma kwa saa tatu. Si uharibifu. Linux huweka saa ya mashine kwa wakati wa dunia, Windows huisoma saa hiyohiyo kana kwamba ni ya nyumbani, na Tanzania iko mbele ya wakati wa dunia kwa saa tatu kamili. Kwa mtu ahesabuye saa kwa Kiswahili, ambaye tayari hutofautiana na kompyuta kwa saa sita, jambo hili laweza kuchekesha au kuudhi. Lina marekebisho mepesi, nalo ni somo zuri la jiografia kwa Darasa la Sita.

Matatizo yaliyobaki

Hatusemi kwamba kuhama hakuna gharama. Faili la Word lenye majedwali mengi, likifunguliwa katika LibreOffice, mara nyingine husogea mistari. Herufi za Times New Roman hubadilishwa na nyingine zenye upana uleule, kwa hiyo kurasa haziongezeki, lakini mwenye jicho kali ataona tofauti. Majedwali ya alama yenye jumla na wastani hufunguka vizuri. Yale yenye maagizo ya kujiendesha yenyewe huenda yasifanye kazi. Unapopeleka mtihani steshenari kuchapwa, upeleke ukiwa PDF, ili mistari ibaki ulivyoipanga.

Kuhusu virusi, mwanachuo atasikia ikisemwa kwamba Linux haipati virusi. Hiyo ni chumvi. Kilicho kweli ni kwamba virusi vilivyozoeleka kusafiri kwa flashi, vile vifichavyo makabrasha na kuacha mahali pake njia za mkato za uongo, vimeandikwa kwa ajili ya Windows, wala havipati pa kuendeshea katika Linux. Lakini flashi yako yaweza kuvibeba kutoka ofisi moja hadi nyingine, kama mtu asiyeugua abebavyo ugonjwa.

Darasani

Nimeona wanachuo katika mazoezi ya kufundisha wakiandika ubaoni: “Bofya alama iliyo pembeni kushoto, chini.” Watoto wakanakili. Somo la namna hiyo hufa siku kompyuta ibadilikapo. Mtoto aliyefundishwa kwamba “kuhifadhi” ni kuipeleka kazi kutoka kumbukumbu ya muda kwenda katika diski, ili umeme ukikatika isipotee, atakitafuta kitufe cha kuhifadhi katika mfumo wowote. Aliyefundishwa mahali pa kitufe atapotea. Kwa sababu hiyo kubadili mfumo ni kipimo cha ufundishaji wetu wenyewe: huonyesha mara moja kama tulifundisha dhana au tulifundisha pembe za skrini.

Kwa darasa la watoto 60 na kompyuta moja, usijaribu kuwapanga wote nyuma ya skrini. Gawa makundi ya sita sita. Kundi moja liwe kwenye kompyuta kwa dakika 8, mengine yawe na kibodi zilizochorwa juu ya maboksi, na mengine yaigize mchezo wa zamu: mmoja ni mwalimu wa zamu, wawili ni programu ziombazo karatasi ileile ya kuandikia, mmoja ni diski ambayo haitoi kitu bila kuamriwa. Mchezo huu hauhitaji umeme, na kelele zake ni za kusamehewa.

Ufuatao ni mfano wa sehemu ya somo, katika Darasa la Tano. Mwalimu ameleta gunzi la mahindi na flashi.

Mwalimu: Nani kwao huweka mbegu?
Wanafunzi: (wanyoosha vidole) Sisi, mwalimu!
Mwalimu: Jirani akiomba mbegu, baba atamwambia nini?
Mwanafunzi: Humpa, mwalimu. Ila bibi husema naye akivuna asitusahau.
Mwalimu: Vema. Ndani ya flashi hii mna kitu niwezacho kukipa shule ya jirani, nami nikabaki nacho. Je, niwezaje kumpa mtu kitu nikabaki nacho?
Mwanafunzi: Kama wimbo, mwalimu. Ukimfundisha mtu wimbo, nawe bado waujua.

Jibu hilo la wimbo lilimzidi mwalimu mfano wake wa gunzi, naye alifanya vizuri kuuacha ule wa kwanza na kuendelea na huu. Wimbo wa shule huimbwa na wote, aujuaye aweza kuuongezea ubeti, na hakuna aupigiaye kufuli. Kisha mtoto mwingine akauliza swali ambalo kila mwanachuo hana budi kuwa tayari nalo: “Mwalimu, walioiandika wanalipwa na nani?” Jibu la haki ni kwamba wengine hufanya kazi hiyo kwa kujitolea, na wengine wengi huajiriwa na makampuni makubwa yanayoitumia Linux katika mitambo yao, ambayo yameona ni nafuu kuitunza mashine moja kwa pamoja kuliko kila moja kujiundia yake. Watoto waliozoea kuona wazazi wakichimba mfereji mmoja wa maji kwa zamu hawakulishangaa jibu hilo. Waliuliza tu kama flashi yaweza kubaki shuleni, na mwalimu akaiandika jina la mfumo, toleo na tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika, akaifungia katika kabati la vifaa pamoja na chaki.